Chombo cha Mtu Hakirudi Kitupu

Mlango wa nyumba yetu ya Mtoni ulikuwa unafunguka nusu. Bawaba zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa nyuma yake: gunia la viatu, juu ya gunia kapu la sokoni, juu ya kapu turubai lililokunjwa hovyo. Nilishajifunza kuingia kwa ubavu, tumbo nimelivuta ndani, mkoba nimeuinua juu. Niliingia hivyo kila jioni nikitoka kazini na wala sikuona ajabu. Mtu huzoea upesi.

Ukishaingia ulikuta njia moja, upana wa miguu miwili ikibanwa pamoja. Ilipita kati ya makochi, ikakata kushoto kwenda chumbani kwangu, na kichochoro kidogo kikaenda chooni. Jikoni njia haikufika. Makochi yenyewe hayakuonekana. Yalifunikwa na nguo nilizofua nisizikunje, zikachanganyika na ambazo hazijafuliwa, mpaka asubuhi nikawa nachagua cha kuvaa kwa kunusa. Na juu ya meza ya chakula vilikaa vyombo vya watu. Bakuli na hotpoti, jumla kumi na tisa, ukiacha vifuniko. Hivyo ndivyo vilivyonimaliza.

Nieleze vizuri, maana anayesikia habari hii juu juu husema nilikuwa mvivu. Dada yangu alisema hivyo. Wacha aseme.

Mama yetu alifariki wakati wa masika. Presha ilimpanda akiwa anaanua kanga kabla mvua haijashuka, na jioni hatukuwa naye tena. Nyumba ni yake. Mie nilirudi kuishi naye baada ya kuachika, nimembeba binti yangu wa miaka miwili, na tukakaa hapo watatu kwa miaka minane. Sie asili yetu Lindi, na mtaa umejaa watu wa kusini, kwa hiyo msiba haukukosa mikono. Wanawake walikaa tangani siku tatu, wakapika, wakafagia, wakalala na sie kwenye mikeka. Tanga lilipoanuliwa wakarudi makwao, na hapo ndipo vyakula vikaanza kuja.

Kwetu mfiwa haachwi apike. Asubuhi inakuja chai ya maziwa na maandazi, mchana wali na maharage, jioni ugali na kisamvu cha nazi. Kila chombo kina alama chini yake, maana bakuli za mtaa mzima zimenunuliwa kwa mmachinga mmoja na zote zinafanana. Huyu kapaka rangi ya kucha nyekundu, huyu kakwaruza kwa msumari, huyu kafunga uzi wa bluu kwenye sikio la kifuniko. Bakuli za mama zilikuwa na nukta mbili za zambarau. Alipakaga mwenyewe, amekaa mlangoni, ncha ya ulimi kaitoa nje, hataki kusemeshwa mpaka amalize.

Na mama alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko za serikali: chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa mchicha, unarudisha visheti. Huna visheti, weka hata ndizi mbili. Nilipokuwa mdogo alinituma na bakuli kwa jirani, kaweka kashata ndani, nikazila zote njiani na kumkabidhi jirani bakuli kavu. Nilichapwa. Akaniambia sichapwi kwa ajili ya wizi, nachapwa kwa ajili ya aibu niliyompa.

Basi vile vyombo vitatu vya kwanza nikaviosha, nikavifuta, nikaviweka mezani. Nikasema kesho napika kitu nirudishe. Kesho yake nikarudi kazini. Nauza vifaa vya umeme Kariakoo, swichi, nyaya na holda, na dukani hakuna aliyeona kitu, maana nilikuwa nafika nimepaka poda na nacheka na wateja. Jioni narudi nimechoka. Uchovu wa kazi naujua, ukilala unaisha. Huu ulikuwa unalala na mie na kuamka na mie. Redioni wanaita sonona. Mie wakati ule sikuwa na jina lake, nilikuwa nasimama jikoni nimeshika kiberiti nasahau nilitaka kuwasha nini.

Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Kufika arobaini vyombo vilikuwa kumi na tisa, na hapo mambo yakawa magumu zaidi, maana huwezi kurudisha cha huyu ukaacha cha yule, watasema unabagua. Nikipika, nipike cha kujaza vyote siku moja. Pilau ya bakuli kumi na tisa, mtu asiyeweza kuchemsha maji ya chai. Meza ilipojaa tukawa tunakula kwenye kochi. Vyombo vyetu vichafu vikahamia kwenye stuli, stuli ikajaa vikashuka chini, na huko chini vikakutana na maboksi. Haba na haba hujaza kibaba. Kwangu ilijaza nyumba.

Siku ya arobaini yenyewe ndiyo nilifanya kituko. Nguo za mama zilitakiwa kugawiwa, kama ilivyo desturi, na dada yangu na mashangazi walishazipanga kwenye mifuko minne ile mikubwa ya mirabamiraba. Nikasimama mbele ya watu nikasema atakayegusa kanga ya mama yangu ataondoka hapa na mkono mmoja. Sauti ile bado inaniuma masikioni. Wakaniachia. Mifuko ikawekwa juu ya kitanda cha binti yangu, tukasema ni kwa siku mbili tu, na mtoto akaja kulala na mie.

Baada ya hapo majirani wakanyamaza. Hakuna aliyepiga hodi, hata mmoja. Nikitoka asubuhi nawakuta wanafagia, tunaulizana habari za kuamka, wanarudisha macho kwenye fagio. Nikajisemea, haya, wamekula, wamelia, wamesahau. Nikaanza kupita bila kusalimia, isipokuwa mama muuza mkaa, jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye ni mtu mzima na shikamoo yake siwezi kumnyima. Lakini shikamoo yenyewe nilikuwa naitupa huku natembea, hata marahaba siisubiri.

Kitu pekee kilichostawi kwetu ni mchaichai wa mama, kwenye ndoo ya rangi kando ya mlango. Nilikuwa naumwagia maji ya kusuuzia nguo. Usidhani ni mapenzi. Sikuwa na nguvu za kuyafikisha mtaroni.

Binti yangu alivumilia kunishinda. Asubuhi moja anajiandaa kwenda shule akakuta panya wametafuna begi lake na daftari la hesabu. Hakulia. Alikung'uta makombo, akaweka daftari zilizobaki kwenye mfuko wa sokoni, akaenda shule na huo mfuko. Mwalimu akampigia dada yangu, maana simu yangu ilikuwa haina chaji, na ilikuwa haina chaji siku nyingi. Jioni dada akaja kutoka Kipawa na bajaji. Akaingia kwa ubavu, akasimama katikati ya ile njia, akatazama kulia na kushoto. Afadhali angenigombeza. Akamwambia mtoto, "Kusanya sare zako, twende." Akasema ni wiki moja. Ikawa mwezi, ikawa muhula mzima, mtoto anaamshwa usiku bado ili awahi shule Mtoni.

Kila Jumapili nilikuwa naongea naye kwenye simu. Kwa dada ni karibu na uwanja wa ndege, ndege zinapita juu ya bati, kwa hiyo maongezi yetu yalikuwa vipande vipande. "Mama, subiri ndege ipite." Tunasubiri. Nilizipenda zile ndege, zilikuwa zinaninunulia muda. Ikishapita anauliza, "Kitanda changu kimeshaonekana?"

"Bado kidogo, mama."

"Haya."

Mtoto mwingine angelia au angenuna. Wangu alikuwa anasema haya, na mie nikikata simu nalala palepale na nguo za kazini mpaka asubuhi.

Shule zilipofungwa Desemba dada akanipigia. "Mdogo wangu," akasema, "sikunyang'anyi mtoto. Lakini mtoto hahifadhiwi stoo. Jumamosi kabla shule hazijafunguliwa namleta. Nikikuta kitanda chake kinaonekana, anabaki. Nikikuta vilevile, Jumatatu napeleka barua ya uhamisho, atasoma huku mpaka la saba. Na usinipe maneno. Maneno yako nimeyachoka."

Nilimsema moyoni wiki nzima. Nani kamfanya hakimu, yeye mwenye mume na mdada wa kazi. Kibaya ni kwamba alikuwa na haki, na mie nilijua. Nikiupoteza mwezi ule nimempoteza binti yangu. Angebaki mwanangu wa Jumapili, wa kusubiriana ndege.

Nilianza mara tatu. Mara ya kwanza nilinyanyua turubai, sikujua pa kuliweka, nikalirudisha. Mara ya pili nilifungua mfuko mmoja wa nguo za mama, harufu ya udi ikanipanda, nikafunga. Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi, imebaki siku moja na nusu. Nikawaza, bila meza kuwa wazi hakuna kinachosogea humu, na meza haiwi wazi mpaka vyombo virudi, na vyombo havirudi bila pilau. Nikanunua mchele kilo saba na viungo. Nikaingia navyo kwa ubavu. Nikatafuta pa kukanyaga niende jikoni, sikupaona, nikakaa juu ya mfuko wa mchele nikalia. Nililia vibaya, kile kilio cha kamasi ambacho hata msibani sikulia.

Kilio kilipoisha hasira ikaja. Watu husifia subira, lakini mie hasira ndiyo imenisaidia zaidi maishani. Nikachukua bakuli la juu kabisa, lile la bati lenye maua, nikaligeuza: alama ya msumari, la mama muuza mkaa. Nikatoka nalo. Jua lilikuwa bado halijazama, na yeye alikuwa nje ya mlango wake anapima mkaa kwenye kopo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Sikai. Nimeleta bakuli lako. Ni tupu." Nikamnyooshea. "Sijapika. Miezi minane sijapika. Najua mnanisema huku nje kwamba nimekalia vyombo vya watu. Haya, lako hilo, na mengine kumi na nane yanafuata, yote matupu."

Alijifuta mikono kwenye kanga, akalipokea bakuli, akalitazama chini. "Nani kakusema?"

"Mngekuwa hamnisemi mngekuja. Hakuna aliyekuja hata kunijulia hali."

"Tuje vipi?" akaniuliza, na kwa kweli alikuwa anauliza. "Vyombo vyetu vyote viko kwako. Mtu akipiga hodi utadhani kafuata bakuli lake. Mfiwa hadaiwi sufuria. Tukasema tumwache, siku akiwa tayari atarudisha mwenyewe, ndipo tutaanza kuingia. Mzee wangu hapa nampakulia mboga kwenye kifuniko."

Nikakaa, mie niliyesema sikai, kwenye kigoda chake cheusi kwa mkaa. Miezi minane wao walikuwa wanasubiri bakuli ndipo waje, na mie nasubiri nipate nguvu ya kupika ndipo nirudishe bakuli. Hakuna aliyekuwa mbaya. Tulikuwa na adabu tu, pande zote mbili, na adabu hiyo ilitaka kuninyang'anya mtoto.

"Mama angenichapa," nikasema. "Bakuli tupu."

Akacheka puani. "Mama yako huyuhuyu? Baba yenu alipofariki, vyombo vyangu alikaa navyo mpaka masika ya pili. Akanirudishia vitupu, na kimoja kimevunjika sikio."

"Si kweli, mama. Mie nilikuwa bweni. Niliporudi likizo nilikuta nyumba inang'aa."

"Na nani aliing'arisha? Siku moja kabla nyie hamjafunga shule, sie tuliingia na mafagio. Mama yako amekaa kitandani anatutazama, hata kuinua mguu tufagie hawezi. Akatuomba tusije tukawaambia. Nikamwambia mficha uchi hazai. Akanijibu, hawa wawili nimeshawazaa, inatosha."

Nilicheka, halafu nikalia tena, kwa sababu nilimsikia kabisa mama akisema vile. Miaka yote nilijua mama hakuwahi kuanguka, na nilikuwa najipima kwa kipimo hicho. Kumbe alianguka palepale nilipoanguka mie. Nilikasirika kwamba hakuniambia, na nikamtamani vibaya.

"Mtoto anarudi lini?" mama muuza mkaa akauliza.

"Jumamosi, kama kitanda kitaonekana."

"Basi kesho, watu wakitoka Ijumaa."

Kesho yake nilipiga simu dukani nikadanganya kwamba naumwa, halafu nikiwa nimeshakata nikaona wala si uongo. Walikuja sita. Waliingia kwa ubavu mmoja mmoja, na yule mnene wetu akakwama, tukamvuta, akacheka yeye kwanza. Hakuna aliyetoa neno juu ya nyumba. Walikwenda mezani wakawa wanageuza vyombo na kusoma alama, na mmoja akakumbatia hotpoti yake akasema hii alishamsingizia wifi yake, hawasemeshani tangu mwezi wa nane. Walitoka navyo vitupu, vyao na vya wasiokuja, wakarudi mikono mitupu kufanya kazi. Mchele wangu wakaupika. Ule mchele wa bakuli kumi na tisa ukatulisha wanawake saba na watoto wa mtaa, na ukoko tukagombania.

Walifungua njia mpaka jikoni. Walitoa kiota cha panya nyuma ya kabati, na ndani yake kulikuwa na vipande vya daftari la hesabu. Lakini mifuko minne ya mama hawakuigusa. Mama muuza mkaa alisimama mlangoni mwa chumba cha mtoto akasema, "Hizo ni za kwenu. Sie hatuingilii." Walipoondoka nikainyanyua mwenyewe, mmoja mmoja, nikaihamishia kitandani kwangu. Sikuifungua. Nguvu ya kuifungua sikuwa nayo. Chini yake nikakuta shuka ileile ya masika, na kibanio cha nywele, na umbo la mifuko limebaki kwenye godoro. Nililipiga godoro kwa mikono mpaka likainuka.

Nyumba haikumeta, nisije nikakudanganya. Makochi yalibaki na mlima wake, na mlango ulifunguka robo tatu. Usiku huo nililala chini.

Dada alifika Jumamosi saa nne. Binti yangu alikuwa amerefuka, kabeba hotpoti iliyofungwa kwenye kanga. Dada hakukaa. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mtoto, akalibonyeza godoro kwa kiganja, akainama kutazama uvunguni. Kisha akachungulia chumba changu, akaona mifuko.

"Na wewe unalala wapi?"

"Chini."

"Mpaka lini?"

"Sijui, dada."

Akatoa ile barua ya uhamisho kwenye mkoba, akaikunja mara mbili, akairudisha. "Njooni tule," akasema.

Tulikula mezani, wali wa nazi na samaki. Tulipomaliza nikainuka na ile hotpoti, nikaenda kuiweka pembeni, palepale vilipokuwa vyote. "Hii nitaiosha, dada, nitakuletea kesho." Mkono ulikuwa unajua njia wenyewe, mie wala sikufikiri.

Binti yangu aliinuka. Aliichukua mikononi mwangu, akatoka nayo bombani, na nikamsikia anasugua kwa nguvu nyingi kuliko hotpoti ilivyotaka. Akarudi anaifuta kwa kanga. Alipotaka kumpa mamkubwa wake akasita, akachungulia ndani.

"Bibi alisemaga kisirudi kitupu," akasema.

Alitazama jikoni, hakukuwa na kitu. Akachukua kisu, akatoka mlangoni, akarudi na mchaichai mkono mzima, akaukunja ndani ya hotpoti na kufunika, jani moja limechomoza nje. Miezi minane nilikuwa nautupia maji machafu ule mchaichai.

Dada aliipokea kwa mikono miwili, akaondoka nayo. Mtoto alibaki.

Nilimkuta kitandani kwake amelala na viatu, macho juu ya dari, anasikiliza.

"Mama, huku hakuna ndege."

"Hakuna."

"Na kitanda chako wewe kitaonekana lini?"

Nilisubiri. Hakikupita kitu. "Bado kidogo," nikamwambia.

"Haya," akasema, akashuka, akaenda chumbani kwangu akashika mkanda mmoja wa mfuko wa juu, akasimama ananisubiri nishike wa pili.